Jicho Namba Mbili

Geita, 1999

Juni 3, Alhamisi

Kamera imefika. Gaurav, mtoto wa mzee Jashvant mwenye studio, ameituma kutoka Uingereza kwa mkono wa mgeni aliyekuja mgodini, imeviringishwa ndani ya sweta. Ni nyeusi, nzito, ya kitaalamu kweli. Ile ya zamani tulikuwa tunazungusha pete ya lenzi mpaka uso wa mteja utulie. Hii inajitafutia yenyewe. Tena inafuata jicho la mpigaji. Ukichungulia unaona viraba vidogo vingi vimepangwa kwa umbo la yai. Kile unachokitazama kinawaka chekundu, na hapo ndipo picha inapotulia. Kwingine kote kunabaki ukungu.

Lakini kwanza lazima ilijue jicho lako. Nimesoma kitabu chake chote baada ya chakula cha mchana. Inaweza kukumbuka macho ya watu watatu. Mzee alianza, akawa namba moja. Alitazama kiraba cha kulia kilichokuwa kinawaka na kuzimika, akabonyeza, akatazama cha kushoto, akabonyeza. Kamera ikagoma. Akavua miwani, ikagoma tena.

"Haijanipenda, Nelly," akasema, akanipa mimi.

Namba mbili ilikubali mara ya kwanza.

Mkewe, Champaben, ambaye sote tunamwita Mama Gaurav, alikuwa kaunta anamenya kitunguu saumu. "Jicho la huyu mzee mimi mwenyewe sijawahi kujua linatazama wapi," akasema. "Kamera ya juzi itajulia wapi?"

Juni 5, Jumamosi

Nimelifundisha tena jicho langu, mara ndani ya studio, mara nje juani. Kitabu kinasema kila ukirudia, ndivyo inavyozidi kukujua.

Juni 6, Jumapili

Kipaimara parokiani. Nimepiga mkanda mzima.

Juni 11, Ijumaa

Mikanda imerudi kutoka Mwanza. Picha za Kipaimara ni nzuri, isipokuwa moja ambayo padri amefifia kama mtu wa ndotoni, na nyuma yake bata wa masista ametulia wazi, manyoya yote yanaonekana. Nilimtupia jicho bata mara moja tu, kwa bahati mbaya ndipo nilipobonyeza.

"Mteja alilipia padri," mzee akasema.

"Bata naye alikuja kanisani," akajibu Mama Gaurav.

Tangu kamera hii ije, nikitembea naona viraba. Mwanamke akipita na beseni la mihogo, kinawaka kwenye kidole gumba chake. Mtu akinisalimia, kinawaka kwenye kifungo cha shati lake. Nafumba macho, bado kipo, kinaelea polepole kama kipande cha kaa la moto juu ya maji.

Juni 14, Jumatatu

Mzee Jashvant yuko Mwanza kufuata karatasi na dawa za picha. Nimempokea mteja mmoja peke yangu, mzee Nkwabi, mfugaji wa upande wa Nkome. Fimbo, koti zito, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jashvant nilishaongea naye. Nataka picha ya mahali. Jumamosi."

"Mahali gani, mzee?"

"Ya kijana wangu Adam. Wazee wa upande wa pili wako Mwakitolyo, mkubwa wao amevimba mguu, hawezi safari. Wamesema wataiona kwenye picha."

"Mahali pa kijana wako," nikamrekebisha taratibu.

"Ee. Ya kijana wangu."

Mzee hafuati ngeli, lakini nimemwelewa. Tangu kampuni za migodi zianze kupima ardhi, watu wengi wanataka picha za viwanja vyao kabla ugomvi haujafika barazani. Upande wa pili nao watakuwa wanadai mpaka. Nitachukua lenzi pana.

Juni 16, Jumatano

Picha za pasipoti tu, tangu asubuhi mpaka kufunga.

Juni 19, Jumamosi

Nimerudi Nkome na vumbi hadi kwenye kope. Naandika yote kwa mpangilio, maana kichwa changu hakina mpangilio.

Nilipanda gari la wachuuzi wa dagaa. Kabla hujafika ziwani unaona mwanga wake kwanza, mweupe, kama mtu ameanika shuka kubwa upande ule wa dunia. Nyumba ya mzee Nkwabi iko bara kidogo, juu ya mwinuko, na kuanzia pale dagaa walioanikwa ufukweni wanaonekana kama fedha iliyomwagika. Mzee mwenyewe hakuwapo, alikuwa ameitwa msibani. Alikuwapo Adam.

"Mwangaluka," akanisalimia Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Wewe ndiye wa mashine inayofuata jicho?"

"Ndiye mimi."

"Basi mimi nitakuwa nyuma ya jicho lako. Nionyeshe unachotaka."

Ana miaka kama ishirini na nane. Ana sauti ya chini, hamalizi maneno yake yote. Ua lilijaa ng'ombe. Walikuwa wamekusanywa mbele ya nyumba, wengi, wanapumua, wanasukumana, vumbi lao limepanda juani na kugeuka dhahabu tupu. Sikuona nyumba, sikuona kisima, sikuona mpaka wowote.

"Naomba waondolewe," nikamwambia. "Wanaziba."

"Waondolewe?"

"Wanaziba mahali. Siwezi kufanya kazi."

Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akacheka kimyakimya, akapiga mluzi, akawafukuza wote bondeni yeye mwenyewe. Alirudi anatembea kama mtu aliyetua mzigo.

"Sasa," akasema. "Mahali ni pako."

Nikapiga nyumba. Nikapiga kisima, na ili kionekane kinatumika nikamwomba avute kamba. Nikapiga jiwe kubwa la mpakani, nikamwomba asimame kando yake ili ukubwa ujulikane. Nikapiga shamba la pamba ambalo lilikuwa nusu limechumwa, naye akapita katikati yake akiwa amebeba gunia begani, na pamba pande zote mbili ilikuwa nyeupe na tulivu mno hata sikusikia upepo. Kila niliposhusha kamera aliniuliza, "Na wapi tena?" Kila mara nilikuta pamebaki pengine pa kupiga. Mkanda ulipokwisha niliweka mwingine, ingawa sikuwa nimepanga.

Wakati wa kuondoka nilimwuliza kama ugomvi wao na watu wa Mwakitolyo ni wa siku nyingi.

"Ugomvi?" akasema. "Bado haujawa ugomvi."

Juni 21, Jumatatu

Mikanda imekwenda Mwanza na basi la asubuhi.

Juni 22, Jumanne

Upepo. Tumefunika lenzi kwa vitambaa.

Juni 23, Jumatano

Upepo. Nimeota pamba.

Juni 25, Ijumaa

Picha zimerudi. Nilizifungua nikiwa nimesimama, nikalazimika kukaa.

Nyumba imefifia. Kisima kimefifia, lakini mikono inayovuta kamba iko wazi mpaka mishipa. Jiwe la mpakani ni ukungu wa kijivu, na kando yake mtu ameegemea, jasho la shingoni linaonekana. Katika picha ya shamba, pamba yote imeyeyuka na kuwa wingu, naye anatembea ndani yake kama aliyeshushwa kutoka juu. Anapoonekana kwenye kona tu, mdogo, ni yeye aliyetulia. Nilidhani nilikuwa natazama mahali.

Mama Gaurav alizichukua mkononi mwangu moja baada ya nyingine.

"Hapa ni wapi?"

"Nkome."

"Nkome imekuwa na mabega mazuri siku hizi."

Mzee Jashvant akaja kuchungulia. Alizipitia zote, akazigeuza, akatafuta ndani ya bahasha. "Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Wa mahari. Nkwabi anamwoza kijana wake. Kazi ilikuwa kupiga ng'ombe wa mahari, wazee wa binti wawaone."

Mahari. Mzee Jashvant hutamka r kwa ulimi wa Kigujarati, haiwezekani kuikosea. Niliisikia ikizunguka chumbani. Huku kwetu r na l tunazichanganya tangu utotoni. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, shuleni nilichapwa mpaka nikazitenganisha, na sasa nimetumia kipimo changu cha shule kumsikiliza mtu asiye nacho. Mzee Nkwabi alisema wataiona. Ngeli yake ilikuwa sawa kabisa. Mimi ndiye niliyemrekebisha.

Na ng'ombe nikaamuru waondolewe.

Lakini yeye, Adam, alijua. Alijua, akawafukuza bondeni. Nimeandika sentensi hii na kuitazama, na sijui inasema nini.

Juni 26, Jumamosi

Mzee Nkwabi amekuja. Alizipanga picha juu ya kaunta moja moja kama mtu anayecheza karata na hataki kushindwa.

"Ng'ombe wangu?"

"Huu ni mkia, mzee," nikasema, nikamwonyesha pembeni ya moja.

"Huu ni mkia." Akavuta pumzi. "Binti, nimekutuma ukapige mahali, umenipigia mwanangu. Wazee watasema Nkwabi hana ng'ombe, anaoza sura."

"Sura nayo si haba," Mama Gaurav akasema akiwa nyuma ya kaunta.

"Mama Gaurav, sura hailimi."

Nilimweleza kosa langu lote, r na l. Alisikiliza. Alicheka kidogo tu, kwa upande mmoja wa mdomo, akasema nirudi Jumamosi ijayo na yeye atakuwapo. Binti anaitwa Zipora. Wakiona ng'ombe na kuridhika, ndoa ni mwezi wa tisa, pamba ikishauzwa. Bahasha ya picha zile za kwanza akaitia kotini. Sikuwa na haki ya kumzuia.

Juni 30, Jumatano

Mama Gaurav ameniuliza kama ningependa mzee mwenyewe ndiye aende Nkome Jumamosi na kamera ya zamani. Nimesema hapana, kosa ni langu. Akasema, "Sikuuliza la nani."

Julai 3, Jumamosi

Nkome tena. Mzee Nkwabi alisimama kando yangu na fimbo, akiwataja ng'ombe kwa majina kadiri walivyopita. Ningeweza kulizima jicho, kamera ikajitafutia kilicho karibu. Kitabu kinaeleza namna. Sikulizima. Nilitaka kujua kama naweza kutazama ninachotumwa kutazama.

Nilimwomba Adam akae nyuma yangu, nikimwambia kivuli chake kinaingia kwenye picha. Hapakuwa na kivuli, jua lilikuwa utosini.

Nilitazama ng'ombe. Nilitazama pembe, nundu, pua zenye unyevu, kope zao ndefu kama za wasichana. Kiraba chekundu kilikwenda kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Nyuma yangu nilikuwa nasikia mtu anapumua.

Mzee alipokwenda kumfungulia fahali, niliuliza bila kugeuka, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema wanaziba."

"Nilikosea."

"Najua sasa. Baba amenisimulia. Ningependa asingenisimulia."

Mzee akarudi na fahali. Fahali alikuwa mzuri kweli.

Julai 9, Ijumaa

Picha zimerudi. Ng'ombe wote wako wazi, hakuna hata mmoja aliyefifia. Mzee Jashvant amesema ni kazi yangu bora tangu aniajiri. Nimeomba ruhusa nikalale, kichwa kinauma.

Julai 10, Jumamosi

Mzee Nkwabi ameridhika. Amesema atawapelekea Mwakitolyo bahasha zote mbili, mahari na mahali, wavione vyote kwa pamoja. Amejitania mwenyewe, akatamka r kwa nguvu mpaka mate yakamtoka.

Julai 13, Jumanne

Pasipoti.

Julai 17, Jumamosi

Pasipoti. Wachimbaji wawili wamegombania kuvaa tai moja ya studio.

Julai 20, Jumanne

Vumbi limekuwa jingi hata mchana una rangi ya chai. Watu wanatokea ndani yake wakiwa karibu kabisa, kama wamefikiriwa muda huohuo. Kila mara nadhani najua ni nani anayetokea. Si yeye.

Julai 29, Alhamisi

Leo asubuhi ameingia msichana wa umri wangu, amevaa sweta la kijani na kanga mpya, viatu vina vumbi la safari. Alikaa kwenye kigoda cha wateja bila kuambiwa.

"Ni wewe unayepiga na kamera ya jicho?"

"Ni mimi. Unataka pasipoti?"

"Naitwa Zipora. Natoka Mwakitolyo."

Mama Gaurav, ambaye huwa haondoki kaunta hata kwa moto, akaondoka kwenda kupika chai.

Zipora akatoa bahasha. Si ya ng'ombe. Akaziweka magotini: kisima, jiwe, shamba la pamba.

"Mimi nilikuwa nimekataa," akasema. Anaongea haraka na wazi, kama mtu anayesoma tangazo. "Huyu kijana nimemwona mara moja, kwenye arusi, akaniuliza maji ya kunawa yako wapi. Nikasema mtu wa kuuliza maji siwezi kuvuka naye nchi nzima mpaka Nkome. Baba alikasirika, mama akalia, mimi nikakataa. Kisha picha zikaja. Wazee wakagombania za ng'ombe, hizi hakuna aliyezitaka, nikazichukua. Nimezitazama wiki mbili. Nimewaambia nakubali."

Nikaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

"Sasa nimekuja kukuuliza jambo moja, nawe ni mwanamke kama mimi, usinifiche. Hivi ndivyo alivyo, au hivi ndivyo unavyomwona wewe?"

Nje mtu alikuwa anagonga bati. Nilifahamu kwamba nikijibu la kwanza ataolewa naye, na nikijibu la pili atakwenda zake na aibu, na katika yote mawili nitakuwa nimemdanganya, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikamwambia nililokuwa nalo.

"Sijui. Sijawahi kumwona bila kamera."

Chai ikaja, tukanywa sote watatu. Zipora akapuliza kikombe chake, akasema:

"Basi twende tukamwone."

Agosti 1, Jumapili

Tumekwenda. Kamera nimeiacha kabatini, na njia nzima shingo yangu ilikuwa nyepesi isivyo kawaida.

Zipora alilala kwangu siku hizi tatu. Anaimba akifua. Ana mdogo wake ambaye amemfundisha kusoma mwenyewe. Ningependa kuandika kwamba sikumpenda, ingekuwa rahisi zaidi.

Adam alikuwa ghalani anashindilia pamba kwenye gunia, yuko ndani yake mpaka kifuani, anakanyaga. Mzee Nkwabi alikuwa mnadani. Adam alipotuona alitoka guniani kwa shida, nyuzi za pamba nywele nzima. Nilimtazama. Nilisubiri kiraba kiwake. Hakikuwaka popote. Alikuwa mfupi kidogo kuliko nilivyomweka. Sikio la kushoto lina kovu ambalo sikuwahi kuliona, kwa sababu kila mara nilisimama kulia kwake. Alijifuta viganja kwenye suruali mara nyingi kupita kiasi. Nyuma yake kulikuwa na ghala, na ndege juu ya paa, na kuku, na vyote vilikuwa wazi sawasawa.

"Mimi ni Zipora," akasema Zipora. "Tulionana kwenye arusi ya Maduhu."

"Nakumbuka."

"Hukumbuki, lakini asante. Nimekuja kukutazama. Na wewe unitazame. Mpigaji nimemleta, kamera tumeiacha."

Adam akatafuta mahali pa kuweka macho, akayaweka kwenye gunia.

"Nilikukataa, nikaona picha, nikakubali," Zipora akaendelea. "Halafu huyu ananiambia hajui kama ni wewe au ni jicho lake. Kwa hiyo sema mwenyewe. Ukinyamaza, mwezi wa tisa nitakuwa mkeo. Ng'ombe wamekwisha kutazamwa, wazee wameridhika, hakuna tena atakayeuliza kitu. Kunyamaza ni kukubali, ujue."

Alinyamaza. Kuku wakapita kati yetu. Niliona jinsi anavyonyamaza, nikamwona kwa mara ya kwanza: si utulivu kama nilivyodhani kwenye picha. Ni mtu anayengoja mwingine aseme. Mluzi wake siku ile, mzigo aliotua, yote yalikuwa hivyo. Mimi ndiye niliyesema waondolewe. Yeye aliondoa tu. Nikahisi kitu kinashuka ndani yangu kama vumbi likitulia, na sikuwa na uhakika kitakachobaki kikishatulia.

Kisha akasema, akiliambia gunia:

"Siku ile nilikuwa nimewakusanya tangu alfajiri. Kila mmoja niliyemwingiza uani niliona mlango mmoja umefungwa. Huyu akashuka garini, akatazama, akasema waondolewe, wanaziba. Nikafikiri anajua. Nikafikiri amekuja mtu wa kusema nisichoweza kumwambia baba."

"Sikujua," nikasema. "Nilisikia mahali."

"Najua."

Zipora alitutazama mmoja mmoja. Akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka akashika ubavu. "Kwa hiyo wewe ulipenda sikio bovu la huyu mpigaji," akamwambia Adam, "na mimi nikapenda jicho lake. Na yeye amependa kivuli ndani ya bomba la lenzi. Wazazi wetu walionana kwa ng'ombe, angalau ng'ombe wapo."

Hata Adam alicheka. Kisha kicheko kikatuishia, na ilikuwa bado zamu yake. Aliinua uso. Haikuwa rahisi kwake. Nilimwona akiuinua kama anavyoinua ndoo.

"Dada Zipora, nisamehe. Sitaki kuoa kwa kunyamaza. Namtaka huyu. Hata kama hakusikia."

Zipora alifunga upya kanga yake, akachelewa kidogo kwenye fundo.

"Vizuri," akasema. "Nyumbani nitasema nimekataa mimi. Wamezoea. Mimi narudi na gari la dagaa la mchana. Nelly, wewe je?"

Adam alikuwa ananitazama mimi sasa. Ningeweza kubaki. Pamba ilikuwa imemjaa nywele na sikuwahi kumgusa. Lakini aliyesema yale maneno alisukumwa mpaka ukutani na msichana aliyetoka Mwakitolyo, na sikutaka kuchukua kitu kilichosukumwa.

"Narudi naye," nikasema.

"Nitume wazee kwenu?" Adam akauliza.

"Usitume mtu. Usitume picha. Njoo uulize mwenyewe kwetu ni wapi."

Garini Zipora alijifunika uso kwa kanga kwa sababu ya vumbi. Tulipopita sehemu yenye majani, pasipo na vumbi kabisa, alikuwa bado amejifunika. Niliushika mkono wake. Aliuacha ushikwe mpaka Geita.

Agosti 2, Jumatatu

Nimemsindikiza stendi. Picha amenirudishia zote isipokuwa moja, ile ya shamba. Amesema atabaki nayo, kwa sababu ni nzuri na haimhusu mtu yeyote.

Agosti 10, Jumanne

Mzee Nkwabi amekuja na hakuitikia shikamoo yangu. Wazee wa Mwakitolyo wamevunja uchumba. Alizungumza na mzee Jashvant tu, kana kwamba mimi ni pazia.

"Ulileta kazi ya ng'ombe," akasema mzee Jashvant, "na ng'ombe ukawapata."

"Nilitaka mkwe."

"Hiyo si kazi ya studio."

"Kijana hali vizuri. Nikimwuliza anasema anafikiri. Tangu lini?"

Alipofika mlangoni alisimama, akanitazama kwa mara ya kwanza leo. Sikuinamisha macho. Akaondoka bila kuaga.

Agosti 19, Alhamisi

Pasipoti.

Agosti 27, Ijumaa

Malori ya pamba yanapita mchana kutwa kwenda Mwanza. Nyuzi zinabaki kwenye miiba ya njiani, mti mzima unaonekana umechanua.

Septemba 4, Jumamosi

Mama Gaurav amesema pamba ya Nkome imekwisha kununuliwa. Sikumwuliza.

Septemba 9, Alhamisi

Hakuna.

Septemba 14, Jumanne

Mawingu ya kwanza, hayakufanya lolote. Pengine Adam ni mtu wa kunyamaza tu, na siku ile alisema mara moja kwa maisha yote. Nimeanza kusahau ni sikio lipi lenye kovu.

Septemba 18, Jumamosi

Siku ya gulio, foleni ya pasipoti ilifika barabarani. Nilikuwa nawapiga mmoja mmoja: kaa wima, kidevu chini kidogo, tayari, anayefuata. Nilisema "anayefuata" na akakaa mtu kwenye kigoda, nikainua kamera, nikaishusha.

Amepungua. Shati limepigwa pasi vibaya. Miguu ya suruali ina tope, maana kwao mvua imeshaanza. Alikuwa amesimama foleni tangu asubuhi, nyuma ya wachimbaji na wanafunzi, na hakumwomba mtu yeyote ampishe.

"Pasipoti?" Mama Gaurav akamwuliza kutoka kaunta, kwa sauti ya biashara kabisa.

"Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kama si pasipoti, unatakaje?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Aliona hivyo. Alijifuta viganja magotini.

"Jana usiku nimemwambia baba," akasema, na hakumwambia Mama Gaurav, aliniambia mimi. "Amenifokea mpaka akachoka, halafu akaniuliza ni watu wa wapi. Nikasema sijui, naenda kuuliza. Sasa nauliza. Kwenu ni wapi?"

"Ushirombo," nikasema. "Nyuma ya misheni."

"Niulizie nyumba ya nani?"

Mchimbaji mmoja mlangoni akasema kwa upole, "Jibu dada, tuna haraka."

Msichana wa kwetu hamtajii mwanaume jina la baba yake hivihivi. Ukimtajia, umemfungulia mlango. Nililitamka lote, la ubatizo na la ukoo. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na watu wa mwisho wa foleni, waliokuwa barabarani, nao walilisikia.